Ufunguo wa Gari Mkononi mwa Kijana

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 4:5-7, Kutoka 21:28-29, 2 Samweli 18, Matendo ya Mitume 20:7-12

 

Najua wengine wenu mlipoona masomo ya leo mlijiuliza mchungaji anatafuta nini katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mahali penye sheria za viota vya ndege na ng'ombe waliopotea. Fungua hapo. Usichungulie ya jirani, fungua yako.

Mstari wa 8 ni mstari wa fundi. Mungu anamwambia Mwisraeli kwamba akijenga nyumba mpya, azungushe ukuta mdogo juu ya dari, ili mtu asianguke kutoka huko na nyumba ikabeba hatia ya damu. Nyumba za kule zilikuwa na dari bapa. Watu walipanda juu jioni kupunga upepo. Rahabu alianika kitani huko juu, na Petro alipanda darini kuomba. Sasa angalia vizuri. Huyu ndiye Mungu aliyepasua bahari. Angeweza kusema: pandeni tu kwa imani, malaika watawashika. Hakusema hivyo. Alisema jenga ukuta. Tena ujenge nyumba ikiwa mpya, kabla mtu yeyote hajaanguka. Na mtu akianguka mahali ambapo hapana ukuta, Mungu haulizi ni pepo gani lililomsukuma. Anamuuliza mwenye nyumba.

Shika hilo neno, mwenye nyumba. Leo nazungumza naye zaidi kuliko ninavyozungumza na kijana.

Kwa nini leo? Watoto wetu wa Kidato cha Nne wanamaliza mtihani. Tunajua kinachofuata, kila mzazi Kenya anajua: kompyuta na shule ya udereva. Hiyo ndiyo zawadi. Halafu inakuja Krismasi, safari za kwenda ushago, harusi, ruracio, na kesha letu la tarehe 31. Vijana wako nyumbani, gari liko nje, na baba amesinzia mbele ya runinga.

Jumatano kwenye maombi mama mmoja alisimama akaomba tufunge siku tatu dhidi ya roho ya ajali, kwa maana Disemba inakaribia na barabara zinataka damu. Nilimwambia tutafunga. Na tutafunga, Jumatatu hadi Jumatano, msije mkasema mchungaji ameacha njia. Naamini shetani yupo na naamini anawachukia vijana wetu. Lakini wapendwa, siwezi kusimama hapa nikaikemea roho ya ajali usiku kucha, huku nikijua roho yenyewe ina miaka 16, haina leseni, na ufunguo imepewa na baba yake mzazi.

Mmecheka. Sawa. Hebu sasa tusikilize.

Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua wengi zaidi ya barabara. Si malaria, si ukimwi. Barabara. Hapa kwetu Kenya, miaka hii ya karibuni tumekuwa tukipoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Fikiria kanisa lenye viti 200, vyote vimejaa. Sasa fikiria makanisa 20 ya namna hiyo yakibaki matupu mwaka mmoja, na mwaka unaofuata mengine 20. Tunazijua sehemu zenyewe kwa majina kama tunavyojua vituo vya matatu: Salgaa, Sachang'wan, Kikopey, Londiani. Tukipita hapo kwenye basi kuna mtu huanza kuomba kwa sauti, na dereva haondoi mguu kwenye mafuta.

Wakati mmoja shetani alimpandisha Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini. Na ili amshawishi, alitumia Zaburi ya 91. Nataka uelewe jambo hili: shetani anaijua Zaburi ya 91. Ile ile tuliyobandika kwenye kioo cha nyuma. Alimkumbusha Yesu habari za malaika wanaomlinda mtu asijikwae. Yesu hakukataa kwamba malaika wapo. Alikataa kuruka. Alijibu kwamba Mungu hajaribiwi.

Basi kijana anayepita lori kwenye kona ya Kikopey, haoni mbele, na nyuma ya gari ameandika kwamba amefunikwa kwa damu ya Yesu, huyo haoneshi imani. Yuko juu ya kinara na anaruka. Damu ya Yesu ni ya thamani mno kuigeuza kibali cha kuovateki vibaya.

Nimeitwa mara nyingi kuombea magari mapya. Ni heshima kubwa na ninapenda kuja. Mama hupika chapati, tunamshukuru Mungu. Lakini siku hizi nina kanuni yangu: simwagi mafuta kwenye boneti kabla sijaona mikanda. Nafungua mlango wa nyuma. Na mara nyingi mikanda ya nyuma haionekani. Imesukumwa chini ya kiti ili isiwaumize watoto wakikaa. Wengine wamenunua kile kichuma kidogo cha kuchomeka mahali pa mkanda ili gari linyamaze, lisipige kelele. Umenunua kitu cha kuinyamazisha sauti inayokuonya! Mwambie jirani yako, toa hicho kichuma. Mwambie tena, hajasikia.

Ndugu mmoja alinikasirikia. Aliniambia, "Pasta, nimekuita kuomba, sijakuita ukaguzi." Nilimjibu kwamba nitaomba, lakini kwanza tuvute mikanda. Tulivuta mkono ukachafuka. Kulikuwa na karanga za mwaka wa kwanza wa lile gari huko chini. Kisha tuliomba.

Wale mliokuwa watu wazima mwaka wa 2004 mnakumbuka sheria za Michuki zilipoanza, tarehe 1 Februari. Matatu zilikosekana, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini wakilalamika. Kila kiti kilipaswa kuwa na mkanda, na kila matatu kidhibiti mwendo. John Michuki alitukanwa sana, na baadaye watu wakamkumbuka kwa jambo hilo kuliko mengine yote. Mkanda hupunguza hatari ya kifo karibu nusu kwa dereva na kwa anayekaa mbele. Na yule wa nyuma asiyefunga, gari likisimama ghafla yeye hasimami. Anaendelea kwa mwendo ule ule, na aliye mbele yake ni mama yake.

Hicho ndicho kiukuta cha dari, wapendwa. Ni kitambaa tu na chuma kidogo.

Kijana na mwendo

Nizungumze na ninyi vijana sasa, na sitawatukana. Ninawapenda. Wengi wenu mna macho mazuri kuliko yangu na mikono myepesi kuliko yangu. Mkiwa kwenye usukani mnajifunza gia kwa siku mbili. Shida haiko hapo.

Wanaochunguza ubongo wanasema ile sehemu ya mbele, inayopima hatari na kuzuia tamaa, haikomai kabisa mpaka mtu akaribie miaka 25. Mungu ndiye aliyeumba hivyo, si aibu. Ndiyo maana mna ujasiri wa kwenda misheni mahali ambapo sisi wazee tunaogopa mbu. Lakini ujasiri huo huo ukiwekwa kwenye barabara ya Nakuru saa mbili usiku ni kitu kingine.

Pengine hesabu itawasaidia. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, linapita karibu mita 14 kila sekunde moja. Kwa kilomita 100, ni karibu mita 28. Umeona mtoto anavuka, na kabla mguu haujafika kwenye breki, sekunde moja imekwisha. Halafu hapo gari linaanza tu kusimama. Na ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki hauzidi mara mbili. Unazidi mara nne. Waulize walimu wetu wa fizikia wako hapa, kwaya ya pili. Ndiyo sababu sheria ya Kenya ikasema mjini mwisho ni 50.

Na simu. Ukiwa kwenye 80 na ukainamisha macho sekunde tano kujibu ujumbe, umeendesha zaidi ya mita 110 bila kuangalia. Huo ni uwanja wa mpira, goli hadi goli, umefumba macho. Anayezungumza na simu akiendesha ana hatari ya ajali mara nne kuliko asiyezungumza. Hata kama anazungumza na mchungaji. Nikikupigia uko barabarani, usishike. Nitaelewa. Nitafurahi.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui, na nataka nilikazie. Kijana akiendesha peke yake ana hatari. Akiendesha na mzazi kando yake, hatari inapungua sana. Lakini akiendesha na vijana wenzake, hatari inapanda, na kadiri wanavyoongezeka ndani ya gari ndivyo inavyozidi kupanda. Tena miezi ya kwanza baada ya leseni ndiyo mibaya zaidi, na usiku ni mbaya kuliko mchana. Nchi ya New Zealand iliona hivyo, na mwaka wa 1987 ikaanza kutoa leseni kwa ngazi: kwanza unajifunza ukiwa na mtu mzima, kisha unaendesha peke yako lakini si usiku wa manane na si ukiwa umebeba marafiki, na mwishoni ndipo unapewa uhuru wote. Marekani nao wakafuata, kuanzia Florida mwaka wa 1996, na vifo vya vijana vikapungua. Hao hawakuwa wamefunga siku tatu. Walijenga ukuta darini.

Sisi tunafanyaje? Mtoto anajifunza kwa ile bodi ya mji wa mfano, anasukuma kigari cha kuchezea kwenye mzunguko, anakariri alama, anaendesha masomo machache kwenye barabara isiyo na magari, anafaulu. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe nilisukuma kile kigari. Lakini kile kigari hakikufundishi trela lenye taa moja, wala ng'ombe aliyelala barabarani, wala mvua ya kwanza baada ya kiangazi wakati lami inateleza kama ina sabuni. Hayo yanafundishwa na mzazi, akikaa kiti cha kushoto, mwezi baada ya mwezi. Na wewe uliyemnunulia mwanao leseni kwa kumpenyezea mtu kitu kidogo ili asifanye mtihani, nisikilize vizuri: ule mtihani ulikuwa ukuta. Umelipa pesa ubomolewe.

Mwenye ng'ombe

Nirudi kwa mwenye nyumba. Kutoka 21, mstari wa 28 na 29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akamwua, ng'ombe anauawa, mwenyewe yuko huru. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameambiwa, na hakumfunga, basi sheria inamgeukia mwenyewe. Ona jinsi Mungu alivyo mwangalifu. Anauliza maswali mawili tu: Ulijua? Ulimfunga?

Baba, unajua kwamba mwanao anatoa gari Jumamosi ukiwa kwenye kikao cha wazee. Umeona mita ya mafuta. Umeona kiti kimerudishwa nyuma. Jirani amekuambia alimwona karibu na soko, gari limejaa. Ukanyamaza, tena ukajisifu kidogo: huyu kijana anajua gari kuliko mimi. Umeambiwa. Sheria ya Kenya inasema hakuna kuendesha gari chini ya miaka 18, hata kama ni kuteremka tu hadi dukani, hata kama ni barabara ya udongo.

Mwaka huu nimesimama kando ya kaburi la kijana wa miaka 17. Si wa kanisa letu; niliitwa kusaidia mchungaji mwenzangu. Alikuwa ametoka usiku kumchukua rafiki kwenye sherehe ya kuzaliwa, akarudi na marafiki watano badala ya mmoja. Wawili walikufa, yeye na msichana aliyekaa mbele. Niliketi na baba yake baada ya wageni kuondoka. Wale waliokuja kumfariji walikuwa wamemwambia kila aina ya maneno: ni mpango wa Mungu, ni watu wa ukoo, ni laana ya upande wa mama. Alinisikiliza kimya, halafu akasema, "Pasta, ufunguo ulikuwa kwa msumari, jikoni. Kila mtu alijua uko hapo." Hakusema kingine. Sikumjibu. Niliona ni heri nimshike mkono, maana mtu akijiambia ukweli namna hiyo hahitaji mahubiri. Nami siko hapa kumhukumu, Mungu amponye. Ninawaambia ninyi ambao msumari wenu bado una ufunguo na mtoto wenu bado yuko chumbani.

Maana mnajua kisa cha Absalomu. Vita vimekwisha, wajumbe wanakuja mbio na habari njema, ufalme umeokoka. Daudi haulizi habari za ufalme. Anamuuliza wa kwanza, kijana yu salama? Anamuuliza wa pili swali lile lile. Absalomu alikuwa juu ya nyumbu, mnyama aliyepandwa na wana wa mfalme, akipita mbio chini ya mwaloni wenye matawi mengi. Nyumbu akaenda zake, kijana akabaki ananing'inia. Daudi akapanda chumba cha juu ya lango analia, anatamani angekufa yeye. Ni baba yule yule ambaye miaka mingi, Biblia inatuonesha, aliona mabaya katika nyumba yake, akakasirika, na hakufanya kitu. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Yalichelewa.

Na watoto wanajifunza kabla hujaanza kuwafundisha. Miaka 15 mtoto amekaa nyuma yako akitazama. Ameona unavyopita upande usiofaa kukiwa na msongamano, ukipanda juu ya njia ya waendao kwa miguu. Ameona noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Mlinzi wa Yezreeli, katika 2 Wafalme 9, alimtambua Yehu akiwa mbali, kabla hajauona uso wake, kwa sababu ya jinsi alivyoendesha gari lake la vita. Wewe barabarani unatambuliwa kama nani? Wengine wetu tuna samaki nyuma ya gari na Yehu mbele.

Nimefika mahali pagumu, nako ni boda boda. Hapa sitaki mtu ampigie makofi mchungaji, kwa sababu ni rahisi kulaumu. Kuna nyumba katika ushirika huu ambazo unga unaletwa na kijana wa miaka 16 aliyeacha shule akakodishiwa pikipiki. Mama yake alinijia akasema, "Pasta, nikimnyang'anya, tule nini?" Hilo ni swali la haki, na kanisa likimwambia tu amnyang'anye halafu liende nyumbani kula kuku, litakuwa limemkosea Mungu. Kwa hiyo mashemasi wamekubali kwamba mfuko wa wajane utaanza na nyumba hizo mwezi huu. Vijana waliofikisha umri watasaidiwa kulipia mafunzo na leseni, na kila mmoja kupewa kofia mbili, yake na ya abiria. Wasiofikisha, tutatafuta njia ya kuwarudisha darasani au kuwaunganisha na mafundi tulionao humu. Ndugu mwenye gereji, nimekuangalia, unajua ni wewe.

Lakini ninyi mnaopandwa na hao vijana, na ninyi mnaopanda, naomba jambo moja leo hii. Sheria inasema abiria mmoja. Mnakuja kanisani mishikaki, dereva, mama, shangazi, na mtoto juu ya tangi, mmevaa nguo nyeupe za ushirika. Na kofia iko mkononi mwa dereva kama kikapu. Lipeni pikipiki mbili. Sadaka yako ikipungua shilingi hamsini kwa sababu hiyo, mimi nimeipokea.

Habari za pombe sitakaa hapo, tumehubiri mara nyingi. Nitakaa kwenye usingizi, maana huo ndio ulevi wa watu waliookoka.

Matendo 20. Paulo alikuwa Troa, amehubiri mpaka usiku wa manane. Nampenda Paulo kwa hilo, wahubiri wote tunampenda. Kulikuwa na taa nyingi chumbani, na kijana mmoja jina lake Eutiko alikuwa amekaa dirishani. Usingizi ukamlemea akaanguka kutoka orofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Luka hasemi Eutiko alikuwa mwovu, wala hasemi pepo lilimsukuma. Alikuwa ibadani! Alisinzia tu, na alikuwa amekaa mahali ambapo mtu hapaswi kusinzia. Paulo akashuka, akamkumbatia, na Mungu akamrudishia uhai. Tunamtukuza Mungu kwa muujiza huo. Lakini tusiwapange vijana dirishani kila mwaka tukitegemea utarudiwa.

Wachunguzi wamepima wakaona mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, anaendesha kama mtu aliyekunywa. Sasa hesabu. Kijana ameamka saa kumi na mbili asubuhi tarehe 31, amesaidia kupamba kanisa, amepiga ngoma na kinanda, tumevuka mwaka, tumeimba, na saa kumi alfajiri anapewa van ya rafiki awarudishe wenzake kumi na wanane nyumbani. Amekaa macho saa 22. Nje kuna ukungu na malori. Huyo tunamwombea kwenye mlango halafu tunampungia mkono?

Mwaka huu hapana. Kikao cha wazee kimepitisha, na ninatangaza ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kesha la tarehe 31 litakwisha saa nane usiku badala ya saa kumi, na hakuna gari la vijana litakalotoka uwanjani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, jua likianza kuonekana. Madarasa ya shule ya Jumapili yatawekwa mikeka, wasichana upande wa jukwaa, wavulana upande wa bohari. Lete blanketi. Akina mama wa ushirika watapika uji na maharagwe. Magari ya kuwarudisha yatakuwa mawili ya kukodi, na madereva wake watakuwa wamelala nyumbani kwao usiku huo. Hawatakuja kesha, na Mungu atawabariki hivyo hivyo. Kila gari litabeba idadi ya viti vyake, na mwenyekiti wa vijana atapita akiangalia mikanda kabla ya mlango kufungwa.

Atakayekuja na gari la nyumbani, ufunguo ataupokea mzee wa zamu mlangoni, auweke kwenye kapu. Na mzazi wa mwenye umri chini ya miaka 18 asimpe hata huo wa kuweka kwenye kapu.

Sasa tusimame. Wazazi, njooni mbele na watoto wenu, hasa wa Kidato cha Nne. Nataka baba amshike mwanawe bega wakati tunaomba, na kabla ya kuomba amwambie kwa mdomo wake mwenyewe ni lini atamfundisha barabara, siku gani na saa ngapi. Kama huna gari, mwambie atavaa kofia ya nani. Semeni kwanza. Nitangoja. Halafu tutaomba.